Kupanga bustani ya nyumbani huku kusini: anza na pa kukaa, maua yatafuata

Mtu akimaliza kujenga huku kwetu Mtwara, na Lindi hivyohivyo, kinachofuata nje ni pevingi kuanzia geti mpaka ukuta wa nyuma, ashoki zimepangwa mstari kando ya ukuta, bogenvilia mbili za getini, basi kazi imeisha, picha zinapigwa zinapandishwa status. Sasa nenda kaangalie saa nane mchana, hakuna mtu humo. Familia iko ndani na feni, umeme ukikatika wote wanahamia kwa jirani mwenye mwembe mmoja wa siku nyingi na mchanga uliofagiwa, wanakaa huko mpaka jua lishuke. Kwa mtazamo wangu mwenye bustani hapo ni huyo jirani.

Nachotaka kusema ni hiki, bustani haianzii kwenye kitalu cha miche, inaanzia kwenye maswali ya nani atakaa wapi, saa ngapi, ataangalia nini na upepo utamjia toka wapi. Ukishayajibu hayo mimea karibu yote inajichagua yenyewe, usipoyajibu utanunua miche kila wikiendi na uwanja utabaki vilevile, sehemu ya kupita tu.

Kwahiyo jembe liache kwanza. Chukua kiti cha plastiki, kizungushe uwanja mzima kwa nyakati tofauti, asubuhi saa nne, mchana saa nane, jioni saa kumi na moja, kila ukikaa angalia jua liko wapi, upepo unapiga shavu gani, jirani anakuona au hakuoni, harufu ya karo inafika au haifiki. Kivuli cha nyumba kinapoishia chomeka kijiti, saa nyingine chomeka kingine. Fanya hivyo kipindi cha kusi alafu rudia kipindi cha kaskazi kama unaweza kuvumilia, maana uwanja wa mwezi wa saba na uwanja wa mwezi wa kwanza ni viwanja viwili tofauti japo hati ni moja.

Hapa kuna jambo inabidi nilieleze taratibu kwa sababu miongozo mingi ya kwenye mtandao imeandikwa na watu wa Uingereza na Marekani, na wao jua lao la mchana liko upande wa kusini mwaka mzima, wanakwambia upande wa kusini ndo wenye jua, panda huko vitu vinavyopenda mwanga. Ukiifuata huku umeharibu. Sisi tuko nyuzi kama 10 kusini ya ikweta, jua linapita juu ya utosi mwishoni mwa mwezi wa pili na tena kwenye wiki ya tatu ya mwezi wa kumi, katikati hapo, yaani karibu miezi nane, jua la mchana liko kaskazini. Mti wa mita 10 mwezi wa sita unatupa kivuli cha mchana upande wa kusini karibu mita 6 na nusu. Mti huohuo mwezi wa kumi na mbili kivuli kinaangukia kaskazini na hakizidi mita 2 na nusu, yaani kinabaki palepale chini ya majani.

Maana yake kivitendo ni nini? Kipindi cha baridi yetu kivuli cha mchana unakipata pembeni ya mti, kipindi cha joto lazima ukae chini yake kabisa, kwahiyo mti wa kivuli lazima matawi yawe juu kiasi cha mtu kupita bila kuinama na lazima utanuke. Hapo ndo ashoki inapofeli. Ni mti mzuri wa kusimama, ila hauna kivuli cha kukalia mtu, umekwenda juu mwembamba, ukipanda ishirini bado huna pa kuweka mkeka. Na jua linaloumiza zaidi sio la saa sita, ni la saa tisa mpaka saa kumi na moja, linaingia kwa ubavu. Kuanzia mwezi wa kumi hadi wa tatu, ambao ndo msimu wa joto lenyewe, jua la jioni linazamia magharibi ikielemea kusini kidogo. Basi mti wako mkubwa wa kwanza mahali pake ni huko, magharibi kuelekea kusini-magharibi ya sehemu unayotaka kukaa. Bahati nzuri kusi inatokea kusini-mashariki, kwahiyo mti hauukingi upepo, unakinga jua peke yake.

Nyumba ikiangalia mashariki una zawadi ya bure, baraza la mbele kuanzia saa nane hivi liko kivulini mwa nyumba yenyewe. Hapo usihangaike na mti, weka baraza refu la kukalia, kimo sentimita 45, upana wa kutosha mtu kujilaza, basi.

Miti yenyewe sasa. Mwembe ndo mfalme hakuna ubishi, ila upe nafasi, uwe mita 7 au 8 toka ukutani na mbali kabisa na karo, na ukipanda wa kubebesha unapata mti mfupi kiasi unaoanza kuzaa mapema. Mkungu kwa watu wa karibu na bahari, Shangani, Mikindani, Kilwa Masoko, unavumilia chumvi na unakua haraka, matawi yake yanatoka kwa ghorofa ghorofa yametanuka, kivuli unakipata mti ukiwa bado kijana, kero yake ni majani makubwa mekundu yanayodondoka kwa wakati mmoja, ufagio haupumziki. Mkwaju kwa mwenye subira. Mwarobaini kwa asiye na maji. Mkrismasi unapendeza mno ukichanua mwisho wa mwaka lakini mizizi inatambaa juujuu, pevingi zote zitanyanyuka, uweke mbali. Mkorosho nao watu wanaudharau kwa sababu ni wa shambani, mi naona ni mti wa bustani kabisa kwa mwenye eneo kubwa, shambani tunapanda kwa mita 12 kwa sababu ndivyo unavyotanuka, ukiupogoa matawi ya chini mapema unapata hema la majani, watoto wanapanda bila kuanguka toka juu sana na mabibo yapo. Ila kama uko jirani na mashamba ya watu ujue msimu wa kupuliza salfa vumbi litafika, viti na nguo za kwenye kamba utavitoa.

Mnazi upande, tena ipande minazi, upepo mkali unaihimili kwa sababu shina linapinda. Ila usiweke kiti, meza, wala bembea ya mtoto chini yake. Nazi haina ratiba. Hata kama una mkwezi wa kuja kuangua kila baada ya muda, kuti kavu lenyewe likimpiga mtu sio mchezo. Minazi iweke pembeni, ukae unaiangalia.

Kuhusu vimbunga tusijidanganye kwamba ni vya wenzetu. Lindi ilipigwa mwaka 1952, mwaka 2019 Kenneth alitupita hapa jirani akaingia Msumbiji watu wa Mtwara tukakaa roho juu, na mwezi wa tano 2024 Hidaya kaja na mafuriko. Kwahiyo mpapai na mlonge visiwe upande wa madirisha, na mti mkubwa kila mwaka kabla ya mvua toa matawi makavu na punguza yanayosuguana ili upepo upite katikati.

Sasa nije kwenye kitu ambacho mi naona ndo roho ya bustani ya huku na watu wanakitupa, uwanja mtupu. Uwanja wa mchanga uliofagiwa asubuhi kwa ufagio wa chelewa, ile mistari inayobaki, nusu duara nusu duara zinazopishana kutokea mlangoni kwenda njiani, mtu wa kwanza kupita anaacha nyayo na unamjua ni nani. Wengi wanaona huo ni umaskini, kwamba hajapata hela ya pevingi. Kule Kyoto Japani kuna hekalu linaitwa Ryoan-ji, watu wanapanda ndege toka dunia nzima kwenda kukaa barazani na kuangalia uwanja wa changarawe nyeupe uliochanwa kwa reki, ndani yake mawe 15 tu, na yamepangwa ukikaa popote pale barazani huwezi kuyaona yote kwa pamoja, lazima moja lijifiche. Hakuna maua. Hakuna majani zaidi ya vimea vifupi vya kijani kama zulia chini ya mawe. Wale wamekaa wakafikiri wakaona kwamba jicho linahitaji mahali patupu ili hicho kichache kilichopo kionekane, na bibi zetu wamekaa nacho tu kila asubuhi kabla ya chai.

Uwanja mtupu una faida zake za wazi pia, nyoka anaonekana, nge anaonekana, mkeka unatandikwa, mihogo inaanikwa, mpira unachezwa. Na kuna shughuli. Kuna bibi mmoja jirani alimkuta mjukuu wake anachimba shimo katikati ya uwanja apande mti wa mapambo, akamuuliza, "Mwanangu, hapo turubai la arobaini yangu utaliweka wapi?" Kijana akacheka ila shimo alilifukia. Kwetu nyumba ni ya harusi, ya hitima, ya kumtoa mwali, ndugu wanakuja toka Newala na Liwale wanalala hapohapo, kwahiyo kabla hujaweka chochote chukua kamba, pima eneo la turubai na eneo la masufuria, liwe tambarare, lifikike toka barabarani, hilo halipandwi kitu katikati. Pembeni yake ndo unapanga bustani. Kiwanja cha 20 kwa 30 kinatosha kabisa kama nyumba hukuitawanya.

Mistari usichore kwenye karatasi kama hujazoea, chora chini. Majivu ya jikoni yanatosha, mwaga mstari wa njia, mwaga duara la mti ukiwa mkubwa, sio mti wa leo, duara la mwembe ni mita 5 kila upande kutoka shinani, utashangaa eneo linavyoisha. Kuona mti au ukuta utaziba nini, simamisha mwanzi mrefu pale unapotaka kupanda, funga kanga juu, alafu rudi barazani ukae uangalie. Njia ya watu wawili kutembea sambamba inataka mita 1.2, ya mtu mmoja kwenda bombani sentimita 60 zinatosha, na njia ifuate pale ambapo watu wanapita tayari. Ukiweka kona ya urembo watakata tu, ndani ya mwezi una njia mbili.

Alafu angalia nje ya kiwanja chako. Wachina na Wajapani wana hekima moja ya zamani kwenye bustani, Wachina wameiandika kabisa kwenye mwongozo wao wa mwaka 1631, kwamba mandhari ya mbali yaazime, mlima wa mwenzio au pagoda la mbali ulifanye ni sehemu ya bustani yako kwa kupanga mimea yako iliache lionekane. Huku tumejaliwa vya kuazima mpaka basi. Mtu wa Lindi aliyejenga kule juu mlimani ana ghuba nzima na Kitunda ng'ambo. Mikindani ukiwa juu kidogo unaona maji yalivyozungushiwa na nchi kavu. Masasi kuna yale majabali. Na bado mtu anapandisha ukuta wa tofali mita 3 pande zote, anaziba bahari alafu ndani anachora picha ya bahari ukutani! Nimeiona. Kama unaogopa wezi ziba upande wa barabara, upande wa mandhari weka ukuta mfupi wenye matundu na juu yake nondo, chini panda kitu kifupi kisichozidi kiuno ukiwa umekaa barazani. Ukuta wa matundu una faida nyingine, upepo unapita umepunguzwa kasi, ukuta mzima unafanya hewa ndani isimame, joto linabaki limefungiwa.

Hili sio geni kwa wenyeji wa pwani hii. Nenda Kilwa Kisiwani ukaone mabaki ya Husuni Kubwa, jumba lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 kwenye ukingo wa mwamba juu ya bahari. Kuna viwanja vya ndani vilivyozungukwa na vyumba, kuna ngazi za kukalia, kuna bwawa la pembe nane, na bahari iko hapo mbele. Waliojenga pale walijua kwamba uwazi ukizungushiwa vizuri unakuwa chumba, tena chumba kizuri kuliko vyenye paa. Ukipata nafasi ya kwenda usipige picha tu, kaa, angalia upepo unatokea wapi na jicho linapelekwa wapi.

Maua na harufu sasa, maana najua wengine mlikuwa mnasubiri hapa. Kuna mbunifu wa bustani wa Brazili, Roberto Burle Marx, kazaliwa 1909 kafariki 1994, yeye alikuwa Berlin akiwa kijana ndo akaona mimea ya kwao Brazili imetunzwa vizuri ndani ya nyumba ya vioo, wakati kwao matajiri walikuwa wanahangaika na maua ya Ulaya. Karudi nyumbani kaanza kupanda vya kwao, tena sio kimoja kimoja, anajaza eneo kubwa aina moja tupu, kisha pembeni aina nyingine, ukiangalia toka juu unaona rangi zimemwagwa. Brazili ndo kwao na mkorosho wetu, kwahiyo huyu sio wa mbali na sisi. Mambo mawili ya kuchukua kwake. La kwanza acha tabia ya kila kopo na ua lake, aina 20 mche mmoja mmoja, macho hayajui yatue wapi. Chagua aina nne au tano, kila moja ipande kwa wingi mahali pamoja. La pili angalia vya hapa kwetu. Mpingo tunaujua kwenye vinyago tu wakati mti wenyewe mdogo unakaa vizuri kwenye uwanja, unakua polepole sana lakini hauombi maji. Mkongo una zile mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu. Na mkadi, jamani, unavumilia chumvi, umbo lake peke yake ni pambo, na ukichanua nyumba nzima inajua.

Harufu ipangiwe upepo. Asumini inafunguka jioni, kwahiyo ipandwe karibu na mnapokaa jioni na iwe upande upepo unapotokea, kama kipindi kirefu mnapigwa na kusi basi upande wa kusini-mashariki wa baraza. Ukiipanda upande wa pili unawanukishia majirani, ni sadaka pia. Mlangilangi ni mti, unarefuka, uweke mita kadhaa mbali, harufu yake ni ya usiku na karibu sana inaumiza kichwa. Mrehani na mchaichai viwe njiani kabisa pale nguo inapogusa, mtu akipita vinanuka. Mwenye asumini, mrehani na mlangilangi hakosi vikuba siku ya shughuli, na kina mama watakuja kuomba, usiwanyime.

Bogenvilia sina ugomvi nayo, ni mmea wa kusini kabisa japo umetoka Amerika, ila watu wanaimwagia maji kila siku alafu wanalalamika haina maua, majani tu. Inapenda kiu. Kiangazi ipunguzie maji, ipate jua kutwa, itachanua mpaka ushangae. Na iksora ya watu wa karibu na bahari ikiwa ya njano, mishipa ikabaki kijani, usikimbilie dawa ya wadudu, hio ni ardhi. Udongo wetu wa ufukweni uko juu ya matumbawe, una chokaa nyingi, mmea unashindwa kuchukua madini ya chuma hata kama yapo. Weka samadi na mboji kwa wingi au badilisha mmea, mi ningebadilisha. Na kama unataka mawe ya matumbawe kwa kuzungushia vitanda, nunua yale yanayochimbwa nchi kavu, ya baharini yaacheni samaki wakae.

Uzio wa mimea tahadhari mbili tu. Minyaa ni rahisi, unachomeka pingili inashika, lakini utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali, kama una watoto wadogo weka kitu kingine. Mbono nao mbegu zake zina sumu, na watoto wanazifananisha na karanga.

Maji ndo mtihani wa kweli. Mvua zetu ni msimu mmoja, zinaanza mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili zinaishia wa nne au wa tano, baada ya hapo ni kavu miezi sita na zaidi, na visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi. Wenzetu wa juu kule kwenye uwanda wa Makonde wanajua zaidi, maji yako mabondeni chini, mvua ya bati ni mali. Hesabu yake ni nyepesi, milimita 1 ya mvua kwenye paa la mita za mraba 100 ni lita 100, mvua ya usiku mmoja ya milimita 20 ni lita 2,000, simtanki imejaa. Weka gata. Maji ya bafuni na ya kufulia yapeleke kwenye migomba, chimba shimo la duara, jaza taka za majani, panda migomba pembezoni, ila maji yenye jiki yasiende huko. Vidimbwi vya mapambo mi siwashauri, labda uweke samaki perege ili wale viluwiluwi vya mbu, vinginevyo unafuga malaria na dengi mlangoni kwako.

Pevingi kama lazima, weka pale gari linapokanyaga tu, sehemu nyingine kokoto au mchanga, na mteremko uelekeze maji kwenye mashina ya miti badala ya kwa jirani. Matandazo usiache ardhi ya chini ya mimea wazi kiangazi, makumbi ya nazi ndo bora, yapange kifudifudi yanashika unyevu muda mrefu, majani ya mwembe, pumba za mpunga, vyote sawa. Maganda ya korosho usiweke hata kama unapewa bure, yana mafuta yanayobabua ngozi na watoto wanatembea peku.

Kupanda kwenyewe subiri ardhi ilowe, sio mvua ya kwanza ile ya kudanganya, ya pili au ya tatu. Shimo la sentimita 60 kwa 60 kwa 60 ulichimbe mapema, udongo wa juu uweke pembeni peke yake, uchanganye na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, ndoo mbili hivi, uurudishe. Zungushia mche kizimba cha mianzi au miiba siku hiyohiyo, sio kesho, maana mbuzi wa mtaani wana taarifa zao. Kiangazi cha kwanza chupa ya lita moja na nusu itoboe tundu dogo kwenye kifuniko, ikate kitako, ichomeke kichwa chini karibu na mizizi, ujaze kila siku mbili tatu.

Miche ya miti ya asili ulizia kwenye vitalu vya TFS, wakala wa misitu wa serikali, mikorosho watu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele ndo wenyewe, asumini na bogenvilia omba tu vipande kwa mtu. Ukienda kitaluni usishobokee mche mrefu mwembamba, chukua mfupi mnene wenye shina gumu, geuza kiroba uangalie chini, kama mizizi imetoka nje na imezunguka umechelewa huo, na kama muuzaji hataki ugeuze kiroba nenda kwa mwingine.